Tangi la Fundi Naja

Kinyozi hajinyoi. Fundi wa vioo huyu alikuwa amewaundia watu matangi ya samaki yasiyo na idadi, ya hoteli na ya madaktari, hata la mwalimu mmoja aliyefuga kasa. Sebuleni kwake hapakuwa na hata chupa yenye samaki. Mkewe alimwomba tangi la maji ya chumvi kwa miaka tisa, na kila mara alipata jibu lile lile walilopata wateja, majirani na wakwe: naja. Mtaani wakamwita Fundi Naja, jina likamkaa kama shati la kupimiwa.

Tangi lenyewe alilianza mwezi wa pili baada ya kumzika mkewe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na mizigo yake yote, akakaa. Fundi alichagua kioo kinene kuliko vyote karakanani, akakikata vipande vitano, akaviunga kwa gundi ya silikoni. Akachanganya chumvi ya dukani ndoo kwa ndoo, akipima mpaka kipimo kikatulia. Kisha akapanga ndani mawe yaliyotolewa baharini, yaliyojaa mashimo na utando wa zambarau. Mwenye duka la samaki wa mapambo, mwanamke wa maneno mengi, alimwonya mapema.

"Mzee, maji nayo huiva. Samaki wangoje wiki sita. Ukiwahi, utakuwa unazika kila asubuhi."

Wiki ya tatu, alasiri, fundi akiwa karakanani anakata kioo, akasikia sebuleni kunagongwa. Tik, tik. Kimya kidogo. Tik.

Nyumba na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja wenye dirisha dogo. Marehemu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akimtaka mumewe, aligonga kioo cha dirisha hilo kwa pete yake, na ndivyo alivyogonga hata siku ile aliyoanguka sebuleni, moyo ukiwa umemshinda. Alipofikiwa alikuwa ameshapoa.

Sasa, watu wa vioo wana mwiko mmoja. Mkono ukishaanza kukata hauinuliwi mpaka ukingoni, maana ukiuinua, kioo hupasuka kinapotaka chenyewe. Alasiri ile fundi aliuinua. Kioo kikamgawanyikia mkononi, akakimbilia sebuleni damu ikimchuruzika. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji, mawe, na pampu inayonung'unika kwenye kona.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo maisha yake. Mtu ambaye hakuwahi kumwitikia binadamu kwa wakati, sasa aliitikia tangi. Kukigongwa, aliacha kioo cha mteja katikati na kwenda. Vipande vilivyoharibika vikarundikana nyuma ya mlango, wateja wakahamia kwa fundi wa barabara ya pili. Wiki sita zikapita, zikawa kumi, na samaki hakununua. Aliogopa kwamba samaki wakiingia, mwenye kugonga ataondoka.

Binti yake, mshonaji wa mashuka ya hospitali, alikuja Jumamosi akamkuta baba ana bendeji kwenye vidole vinne. Kabla hajauliza, akasikia mwenyewe. Tik, tik. Mwili ukamsisimka mpaka utosini. Lakini hakuwa mtu wa kukimbia kivuli, akaenda kumwita mwenye duka.

Mwenye duka alimulika mawe kwa tochi, akacheka kidogo. "Mna mgeni," akasema. Akatega chupa ya plastiki yenye kipande cha nyama, na kesho yake mchana akaja kuitoa. Ndani mlikuwa na mdudu wa jamii ya kamba, urefu wa kidole, amekunja mikono kifuani kama anayejiandaa kurusha ngumi.

"Hawa huja wamejificha ndani ya mawe. Hugonga konokono mpaka apasuke. Mkimwacha ataua kila samaki, na iko siku atapasua hicho kioo. Nampeleka dukani, nina chombo chake."

Binti alishusha pumzi. Fundi alikuwa ameketi mbele ya tangi.

"Ni mdudu tu, baba. Mama amepumzika, na wewe pumzika. Siku ile hukumsikia, ulikuwa unakata."

Hayo ndiyo maneno fundi aliyowaambia watu msibani, na binti aliyarudia kwa kila aliyekuja kutoa pole.

"Nilimsikia," fundi akasema.

"Basi ulikuwa katikati ya kioo. Mkono hauinuliwi."

"Nilikimaliza. Nikamwambia naja. Halafu nikachukua kioo kingine, nikaanza kukata. Alikuwa bado anagonga."

Binti alimtazama kama mtu asiyemjua. Hasira ilimpanda, akasimama, akafika mpaka mlangoni akabaki pale ameshika kitasa. Mwenye duka aliinamia chupa yake.

"Mrudishe," fundi akamwambia.

"Mzee, hutafuga samaki kamwe."

"Samaki sitaki. Akigonga, nataka niwe wa kwenda."

Mwenye duka alimgeukia binti. Binti aliachia kitasa, akaitikia kwa kichwa. Mdudu akamiminwa majini, akatoweka kati ya mawe.

Mwenye duka alipoondoka, baba na mwana walienda kuketi karakanani, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Jua lilikuwa limefika kwenye rafu ya chini ya vioo pale kulipogongwa. Tik, tik. Fundi akaweka kikombe chini haraka, chai ikamwagika, akashika meza ainuke.

Binti akamwekea mkono begani.

"Kaa, baba," akasema. "Naenda mimi."