Jumanne Aliyoificha Kocha Japheth

Japheth alifika Maskati na goti bovu na cheti cha ukufunzi wa mazoezi. Kwao Kakamega alicheza raga, kisha Nairobi akanaswa na mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, mpaka goti likakataa. Ukumbi mmoja wa mazoezi mtaa wa Hamriya ukamwajiri, naye akapanga chumba na Wakenya wenzake wawili juu ya duka la fundi cherehani.

Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kwamba kule kitongoji cha Hail kuna wanaume wanaoucheza mpira huo jioni, Waomani, Wamarekani, Wafilipino, mchanganyiko tu. Japheth akaenda kutazama, akarudi akiwa kocha wa ulinzi. Malipo hayakuwepo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wachezaji kumi na mmoja kumzuia adui asipite na mpira. "Kufunga ni raha," aliwaambia, "lakini kuzuia ni kazi, na hakuna atakayewapigia makofi." Akaifanya miaka sita, hadi timu za nje zikaanza kuiogopa Hail.

Nguzo ya ulinzi huo alikuwa Aflah, karani wa bandarini mwenye miaka ishirini na saba, Mwomani wa Al Amerat ambaye nyanya yake alizaliwa Unguja. Kila siku ya mazoezi alivuka milima kwa gari, akampitia Japheth Hamriya, na njia nzima wakachekana Kiswahili.

"Ati 'niko poa'!" Aflah alisema. "Kwani wewe uji?"

Mwaka huo kocha mkuu, Mmarekani mmoja mhandisi, alikuwa anamaliza mkataba wake wa kazi. "Tukitwaa kombe," alimwambia Japheth, "timu naiacha mikononi mwako." Japheth aliyekuwa amezoea kusimama nyuma ya wengine akaanza kulala na kuamka na neno hilo.

Jumanne, siku tatu kabla ya fainali, Aflah aligongana na mwenzake mazoezini, kichwa kwa kichwa. Aliinuka akicheka, lakini akaenda kusimama upande wa wapinzani. Japheth akamwita kando, akamuuliza kwa Kiswahili ili wengine wasielewe.

"Leo siku gani?"

Aflah akafikiri. "Ijumaa."

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu. Wallahi nikilala kitatulia. Usimwambie mkubwa, kocha, atan'toa."

Sheria ilikuwa wazi, na Japheth mwenyewe ndiye aliyewasomea wachezaji: aliyegongwa kichwa hachezi mpaka daktari aseme. Akanyamaza. Na kocha mkuu alipouliza siku ya fainali kama Aflah yuko sawa, alijibu bila kusita, "Yuko sawa kabisa."

Katika robo ya tatu Aflah alimkaba mkimbiaji, pigo la kawaida, wala si kubwa. Mkimbiaji akaamka. Aflah hakuamka. Mechi iliendelea baadaye na Hail wakashinda kwa alama tatu, lakini Japheth hakuuona mwisho wake. Alikuwa ndani ya ambulensi, ameshika buti la Aflah.

Walimpasua kichwa wakaitoa damu iliyovilia. Alitoka hospitalini baada ya wiki saba, mkono wa kulia ukining'inia, maneno yakimtoka nusu nusu. Mama yake, Bi Khole, mjane, alimlaza chumba cha chini. Japheth akawa anakwenda Al Amerat kila Ijumaa.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mngu akujazi, wenziwe wote washatoweka."

Alimmiminia kahawa, akamwekea haluwa, akamwambia kwamba ni kadari, hakuna wa kulaumiwa. Japheth aliweza kustahimili mambo mengi, ila hiyo kahawa ilimshinda. Ijumaa ya nne akakiweka kikombe chini.

"Mama, kuna jambo. Aliumia kichwa siku tatu kabla. Mimi nilijua. Nilimwambia mkubwa kwamba yuko sawa."

Bi Khole alikuwa akikunja nguo za mwanawe. Akaikunja kanzu hadi mwisho, akaiweka juu ya nyingine.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa ajili ya nini?"

"Nilitaka kupewa timu."

Bi Khole akakiondoa kile kikombe. "Inuka wende zako. Usije tena hapa."

Jioni hiyohiyo Japheth aliwaandikia wachezaji wote ukweli, akaukataa ukocha mkuu. Wengine walimtukana, wengi hawakujibu. Tangu siku hiyo hajakanyaga uwanja. Pale ukumbini aliwapokea wateja wake, akawahesabia minyanyuo ya vyuma, na wenzake wa chumbani wakazoea kumwona akila peke yake.

Miezi miwili ikapita, kisha simu ikalia.

"Nnakupigia si kwa kukusamehe," Bi Khole alisema. "Sijakusamehe, na sijui kama ntaweza. Lakini daktari kasema apandishwe ngazi kila siku, na mie mgongo hauniruhusu. Nduguze wamegawana siku nyingine, Ijumaa wako na watu wao. Na yeye anakuulizia wewe."

Basi sasa kila Ijumaa wawili hao hupanda ngazi za nyumba ile, Japheth nyuma, mikono yake kwenye mbavu za Aflah. Kahawa hapewi tena. Bi Khole humfungulia mlango, akarudi jikoni.

Ijumaa moja kiangazi hiki alisimama pale mlangoni kidogo. "Daktari kasema kisichorudi mpaka sasa hakitarudi," akasema. "Hata hivyo mpandishe."

Huko juu, ngazi ya mwisho, Aflah akageuka, jasho likimtiririka. "Kocha," akasema polepole, "tunacheza... lini?"

"Hatuchezi tena, Aflah."

Aflah akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Wakaanza kushuka, na kabla hawajafika chini akauliza tena.