Doa Jekundu Kwenye Kioo cha Mama

Miaka ya sabini kazi yangu ilikuwa kukata nyama za wagonjwa. Ndivyo nilivyowajibu majirani wa mtaani kwetu Kabiria waliozidi kuniulizauliza, wakaniacha. Nilikuwa kwenye maabara moja katikati ya jiji. Kipande kilichotolewa mwilini tulikigandisha ndani ya nta, nami nikikikata utando mwembamba, nikiuweka uelee juu ya maji ya uvuguvugu, kisha nikiuopoa kwa kioo na kuutia rangi mbili. Kijani hushika kwenye kiini cha seli, jeni zilipo. Nyekundu hushika pale maagizo ya jeni yanapotekelezwa. Nyekundu ikikolea, seli ziko mbioni, na saratani haipumziki.

Siku moja kioo kilikuwa cha mama yangu mzazi, aliyetolewa tezi shingoni. Wenzangu walitaka kunipokea kazi hiyo, nikawakatalia katakata. Mama yangu hakatwi na mtu mwingine.

Kwenye hadubini niliona kijani, kijani, halafu pembeni doa jekundu lililokolea. Nilikwisha anza kuwaza nani atamrudisha Mombasa, nani atamwambia Baba.

Daktari wetu, mtu wa Machakos asiye na haraka, akaangalia kwa muda mrefu.

“Hii kipande haijashikana na hizo zingine,” akasema. “Imeelea tu kwa maji. Ulipitisha karatasi?”

Karatasi ilipitishwa juu ya maji kila baada ya mgonjwa, kuzoa masalia ya kipande chake. Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya kufikia kipande cha Mama, sikuipitisha.

Nikabadilisha maji, nikakata upya. Kijani, na wekundu hafifu wa kawaida. Doa halikuwepo.

“Mama yako ni mzima,” akasema daktari. Nikacheka na kulia pamoja, nikatoka mbio kumwambia.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, na msichana aliyevaa sare ya shule akimmenyea chungwa. Nilimjua. Chupa yenye kipande chake niliipokea mimi mwenyewe, na kipande hicho ndicho kilichotangulia cha Mama asubuhi ile, kwenye maji yale yale.

“Alhamdulillahi,” akasema Mama aliponiona usoni. “Na huyu mwenzangu kaja kutaka majibu yake. Mtazamie na yeye, mwanangu.”

“Shikamoo,” msichana akaniamkia, akanipa chungwa.

Nikalipokea, nikarudi ndani kukitafuta kioo chake.