Fundi wa Ngarenaro na kompyuta kumi na moja zilizofichwa ndani ya mashine za gemu

Saa tatu na nusu asubuhi mtaa wa Ngarenaro, Arusha, umeshaamka zamani. Nyundo za wachomeleaji zinaitikiana, redio ya kinyozi inaimba, na ndani ya kibanda cha mabati cha Naserian Yiamat kazi imeshaanza.

Naserian, fundi wa miaka thelathini na mbili, amepiga magoti mbele ya sanduku jeusi la chuma lenye ukubwa wa begi la shule. Ameshaunganisha nyaya. Anafuta mikono kwenye aproni, anachomeka plagi ukutani, anabonyeza swichi.

Paa.

Mlio wenyewe si mkubwa, ni kama chupa ya soda iliyopasuka juani. Lakini moshi wa kijivu unapanda, una harufu ya samaki aliyeungua. Redio ya kinyozi inakata. Taa za vibanda vitatu zinazimika kwa pamoja. Mama yake, Anyesi, aliyefika sasa hivi kutoka kijijini Sambasha na ndoo ya loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, ameishika ndoo hewani na hajui aiweke wapi.

"Yeyo, usisogee," Naserian anamwambia mama yake.

"Nisogee niende wapi, na ndoo yenyewe imejaa?"

Kinyozi wa kibanda cha pili, Lemomo, anachungulia mlangoni na mashine yake ya kunyolea mkononi. "Fundi, mteja wangu nimemnyoa nusu. Nimwambieje?"

"Mwambie atulie," anajibu Anyesi badala ya binti yake. "Nusu iliyobaki haijakimbia."

Watu wanacheka. Naserian hacheki. Macho yake yako ukutani, kwenye maneno aliyoyapaka mwenyewe kwa rangi nyekundu miaka minane iliyopita: ULIZA VOLTI KABLA YA KUCHOMEKA.

Arusha nzima imejaa vitu vilivyotumika Japani, redio, majiko, feni, na fundi yeyote anajua kwamba umeme wa kule ni volti mia moja na wetu ni mia mbili na thelathini. Ukichomeka bila kifaa cha kuushusha, umeua. Naserian huwauzia watu vifaa hivyo. Huwagombeza wanaosahau. Leo amesahau yeye.

"Nilishtuka mpaka masikio yakaziba," anasema. "Nilijiuliza, hivi hii mikono ni yangu kweli?"

Hilo sanduku lilitoka wapi? Kwa miaka sita, pamoja na kazi za kibandani, Naserian alikuwa fundi wa ukumbi mmoja wa michezo mjini, ule wenye mashine kubwa za kusimama zilizotoka Japani: unatumbukiza tokeni, ile sarafu bandia ya kulipia mchezo, unakaa kwenye kiti cha gari au unashika bunduki ya plastiki, mbele yako dunia nzima inawaka taa. Watoto walikuwa wanatolewa mle wakilia, hawataki kurudi nyumbani.

Kazi yake ilikuwa vitu vya nje. Vitufe vilivyozama, usukani uliolegea, balbu, tundu la kutumbukizia. Ndani kabisa kulikuwa na sanduku lenye karatasi ya onyo ambayo hakuruhusiwa kuibandua. Likisumbua, mwenye ukumbi alimwita mtaalamu kutoka ng'ambo. Huyo alikuja na mkoba, akafunga mlango, akatoka, akalipwa, akapanda ndege.

"Nilidhani mle ndani kuna kitu ambacho mimi mtoto wa Sambasha, darasa la saba, siwezi hata kukitazama," anasema.

Ukumbi ulipofungwa, mashine kumi na moja zilipelekwa kwenye ghala la kupanga huko Lemara. Mwenye ukumbi ni Evaresta Ndesanjo, ambaye wengi humwita Mama Hope, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kilimanjaro zamani. Ana maneno makali na moyo laini, ila moyo huo haonyeshi kila mtu. Siku ya kuagana alimwambia Naserian hivi:

"Mdogo wangu, sina kiinua mgongo cha kukupa. Nina haya makabati ya mashine. Chukua moja ukalichungulie. Ukiweza kulifanyisha kazi nyingine yoyote ya maana mpaka Jumamosi, chukua yote. Ukishindwa, mwenye chuma chakavu anakuja. Mimi sitaki kuyaona tena, yananitia huzuni."

Kabati moja likaletwa Ngarenaro juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Jumanne Naserian akabandua ile karatasi ya onyo, akafungua skrubu nne, akainua mfuniko.

Na hapo jamani ndipo alipokaa chini sakafuni.

Ndani kulikuwa na kompyuta. Si kitu cha ajabu, kompyuta ya kawaida kabisa. Mazabodi, yaani ubao mkuu, ile ile anayoisafisha kila wiki kwenye kompyuta za stesheneri, feni, diski, na kadi ya picha nene. Kadi hiyo ni kile kipande kinachofanya gari la kwenye gemu liende bila kukwamakwama. Ukitafuta dukani leo kompyuta nzima ya kuchezea gemu, utaambiwa milioni moja na nusu kwenda juu. Naserian siku nzuri huondoka na shilingi elfu kumi na tano.

Alimpigia mama yake simu wakati ule ule. Anyesi, ambaye hawezi kukaa na mtoto wala mtu mzima bila kumtegea kitendawili, alisikiliza, kisha akasema, "Kitendawili."

"Tega, yeyo."

"Nyumba ya mfalme ina taa na ngoma, ndani anaishi karani."

Naserian akacheka mpaka akatoa machozi. "Miaka sita nilikuwa nafagia uwanja wa huyo karani," anasema, "na sikuwahi kubisha hodi."

Kama mfalme ni karani tu, basi karani anaweza kuhamishwa ofisi. Ndivyo alivyowaza. Alichomoa sanduku lote kutoka kwenye kabati ili alifanye kompyuta ya gemu ya mezani. Kuhusu umeme hakuwa na wasiwasi, maana kwa miaka sita aliona kabati likichomekwa moja kwa moja ukutani. Kule chini, nyuma ya sanduku la tokeni, kulikuwa na pande la chuma lenye uzito kama mawe mawili ya kusagia. Siku zote aliamini limewekwa ili kabati lisianguke watoto wakilipiga mateke.

Kumbe lile pande ndilo lililokuwa likishusha umeme. Yeye akaliacha ndani ya kabati, akaenda kumchomeka karani peke yake.

Ndiyo paa ya Jumatano.

Mchana wote wa siku ile hakula. Loshoro ilikaa kwenye ndoo mpaka Lemomo akajipakulia. Anyesi alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu.

"Mtu akifa mnampima kwanza ndiyo mnalia," alimwambia binti yake. "Wewe umelia kwanza. Hebu lifungue tuone kilichokufa ni nini."

Alipofungua alishtuka mara ya pili. Kilichoungua kilikuwa kile kisanduku kidogo cha ndani kinachopokea umeme, peke yake. Kimekufa kikiwakinga wengine. Mazabodi haikuwa na doa. Na kile kisanduku kilikuwa na vipimo vya kawaida, matundu manne ya skrubu mahali pale pale. Naserian alikwenda kwenye rundo lake la kompyuta mbovu za maofisini, akachomoa kingine cha volti zetu, akakifunga. Kikaingia kama kiatu kwenye mguu wake.

Alhamisi ikawa siku ya kugombana na kufuli. Mashine iliwaka, ikaomba neno la siri. Naserian akakitoa kibetri cha saa kilicho juu ya mazabodi, akakisubirisha, akakirudisha, mashine ikasahau kwamba iliwahi kuwa na siri. Kisha diski yake ya zamani ikaandika kwamba haiuoni ufunguo wake, kile kidude cha kuruhusu gemu la ukumbini, na haitaki kuendelea. Hakubishana nayo. Aliitoa, akaifunga kwenye kitambaa, akaweka diski nyingine na kupakia programu za kawaida upya.

Saa kumi jioni mpira ukachezwa juu ya meza ya Ngarenaro. Wachezaji walikimbia, nyasi zikaonekana jani moja moja. Lemomo alisahau wateja wawili.

"Niseme ukweli, gemu za mwaka huu hazitaki," anasema Naserian. "Ukiziweka inahema kama mgonjwa wa pumu. Lakini mpira, magari, ngumi, za miaka ya nyuma zote, zinateleza. Na barua utaandika, na mitihani utafanyia mazoezi."

Alipanga kuipeleka Lemara Jumamosi, amevaa vizuri. Ijumaa saa nne simu ikaita.

"Fundi," ilikuwa sauti ya Mama Hope, "mwenye ghala anataka funguo zake leo. Gari la chuma chakavu liko hapa, limeshapakia manne."

Naserian hakumbuki alivyofunga kibanda. Anakumbuka yuko juu ya bodaboda, sanduku limefungwa kwa kanga ya mama yake mapajani, na dereva akimwuliza kama amebeba mtoto.

"Nimebeba," alimjibu. "Punguza mwendo kwenye matuta."

Alipofika alikuta makabati manne yamelazwa kwenye lori kama ng'ombe waliochinjwa. Mawili yalitupwa vibaya, masanduku yake yamepasuka na kadi zimevunjika vipande. Naserian alisimama akiyatazama. Anasema pale alihisi baridi ya Mlima Meru ya mwezi wa saba, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo Mama Hope," alisema hatimaye.

"Marahaba. Umechelewa, au mimi nimewahi?"

"Nipe dakika kumi na televisheni ya mlinzi wa ghala."

Mwenye lori, Elifuraha, mtu mpana mwenye glavu za ngozi, alitikisa kichwa. "Dada fundi, mimi nimenunua kwa kilo. Ukitoa kitu ndani, kilo zangu zinapungua."

"Kilo zako hazitapungua. Subiri."

Televisheni bapa ya mlinzi iliwekwa juu ya pipa. Naserian alichomeka waya, akasoma volti kwa sauti, mara mbili, kila mtu akasikia. Akabonyeza. Uwanja wa mpira ukajitokeza.

Mama Hope alisogea taratibu, akainama, akachungulia ndani ya sanduku lililokuwa wazi.

"Hii ndiyo iliyokuwa inaendesha lile gari jekundu?"

"Hii hii."

"Mbona iko kama ile ya ofisini kwangu?"

"Ndiyo ile ya ofisini kwako, Mama Hope. Ina misuli zaidi, basi."

Mama huyo aliketi kwenye ngazi ya ghala, akashika shavu. "Nimemlipia mtu ndege miaka sita aje kufuta vumbi kwenye kompyuta," alisema, si kwa Naserian wala kwa mtu yeyote. "Na fundi nilikuwa naye pale pale ukumbini."

Wakati huo Elifuraha ameshavua glavu. Ameshika kidude cha kuchezea na anafungwa mabao matatu. Vijana wake wawili wamesimama nyuma yake wakimshauri, naye anawaambia wanyamaze, wao ndio wanaomchanganya.

Naserian akamtega pale pale. "Kaka, wewe unataka chuma na shaba. Mimi nataka sanduku tu, kila moja kilo saba. Chukua makabati yote ya hapa, na yale mapande mazito ya chini yamejaa shaba, yote yako. Na lile kabati langu la Ngarenaro, zaidi ya kilo mia, nalo lifuate. Wewe unapata zaidi."

Elifuraha alipiga hesabu kwa midomo bila kuacha kucheza. "Na hii mechi naimaliza?"

"Imalize."

"Vijana," alisema bila kugeuka, "shusheni yale manne. Taratibu, msitupe."

Mchana huo Naserian alifungua makabati kumi, skrubu kwa skrubu, kwenye uwanja wa ghala. Mama Hope mwenyewe alimshikia bisibisi. Masanduku mawili yaliyopasuka yalitolewa vipuri tu. Ukijumlisha na lile la Ngarenaro, mazima yalikuwa tisa.

Leo, majuma matano baadaye, masanduku hayo yamepangwa kwenye chumba kimoja alichopanga Sombetini, karibu na kijiwe cha bodaboda. Saba yameshabadilishwa kile kisanduku cha umeme. Mawili yanasubiri. Elifuraha amepita mara mbili kuuliza siku ya kufungua, akidai kiti cha kwanza ni chake.

Mipango ya Naserian ni kwamba asubuhi wanafunzi wajifunze kuandika na kutafuta mambo yao, jioni gemu, na saa mbili usiku mlango ufungwe watoto wakalale. Fundi seremala anamtengenezea meza.

Lakini anachokisubiri zaidi ni kingine. Kwenye sakafu ya chumba kuna mabamba tisa ya plastiki angavu, unaona ng'ambo kama dirisha. Naserian analikata la kwanza kwa msumeno wa chuma, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ndiyo mifuniko mipya ya masanduku.

"Mtoto akija kucheza, kwanza nitamwambia ainame achungulie," anasema. "Aione feni inazunguka, aione diski, aguse kwa macho. Nitamwuliza hiki ni nini na kile ni nini. Akikosea nitamwambia, kesho ataniambia yeye. Sitaki mtoto wa Sombetini afikishe miaka thelathini na mbili ndiyo ajue anaweza kufungua."

Anapuliza unga wa plastiki, ananyanyua bamba, analijaribisha juu ya sanduku. Limebaki kubwa kidogo upande mmoja. Analirudisha chini, anachukua msumeno.