Mashine Iliyochaguliwa kama Ng'ombe

Masœur Anastasie alipomwambia Constant, mtunza bustani wao, kwamba watawa wanataka kununua tondeuse, ile mashine ya kukata majani ambayo mtu huikalia kama pikipiki, Constant aliweka chini kupekupe yake, ule upanga wa kufyekea majani, akajifuta jasho, akauliza jambo moja tu.

"Nani atakwenda kuiangalia?"

"Si ni weye, muzee? Nani mwingine anajua hii bustani?"

Maneno hayo yalimwingia kuliko mtawa alivyodhani. Kwa watu wa kwao Constant, huko Djugu, hakuna mtu aliyenunua ng'ombe peke yake. Mnunuzi alitafuta mtu wa kumwangalia mnyama, na mtu huyo aliitwa jicho. Jicho halikuguswa na tamaa, kwa sababu halikuwa likinunua. Liliona, likarudi, likasema lilichoona. Na ng'ombe akigeuka tasa au mgonjwa kabla ya kuzaa mara ya kwanza, aibu ilikuwa ya jicho. Baba yake Constant alikuwa jicho la vilima saba. Siku hizi watu hununua ng'ombe kwa picha ya simu, mnyama akiwa amesimama upande wake mzuri, kisha wanalia kwamba dunia imejaa wezi.

Bustani yenyewe ilikuwa kubwa. Watawa walikuwa na nyumba ya wageni hapo Bunia, na watu wa mji walikuja kufanyia harusi kwenye uwanja wake. Zamani uliwahitaji wanaume sita, waliosimama mstari mmoja, mmoja akiimba na watano wakimjibu kwa makali ya kupekupe, na mtu aliyepita barabarani alipunguza mwendo ili asikilize. Sasa watano walikuwa wamekwenda Nizi kuchimba dhahabu. Alibaki Constant, miaka sitini na mitatu, goti moja bovu, akikata peke yake na bila wimbo, maana huwezi kujiitikia mwenyewe.

Redio ilisema vita vimekwisha, amani imerudi. Ilikuwa imerudi kweli, ila ilikuwa amani ya kutembea nayo ukigeuka nyuma mara kwa mara. Vilima vya malisho vilikuwa pale pale, vinaonekana, lakini hakuna mwenye akili aliyepeleka ng'ombe kule. Kati ya ng'ombe kumi na wanne wa ukoo wake, Constant alibaki na mmoja, Eyenga, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa Jumapili, siku ya Mungu. Alimfunga nyuma ya nyumba, akamlisha kwa majani ya kubeba kichwani. Na majani hayo yote yalitoka mahali pamoja: kiteremko cha nyuma ya jiko la watawa, kinachoshuka hadi kijito, ambako yalikua hadi kiunoni. Majani ya uwanjani yalikuwa mafupi mno, hayamshibishi hata mbuzi. Aliyekata kiteremko ndiye aliyebeba, ndivyo ilivyokuwa tangu watawa wa kwanza.

Ndiyo maana mtawa aliposema kwamba mashine itasafisha mpaka kule chini, kwa kuwa maharusi wanapenda kupigia picha kando ya maji, Constant alimfikiria Eyenga. Mashine husaga majani. Hakuna ng'ombe anayekula unga wa majani unaonuka mafuta.

Walikwenda pamoja kwenye duka la Baudouin, karibu na barabara kubwa. Kulikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, mpya, pana, inang'aa kama sahani ya Noeli. Ya pili ilikuwa nyekundu, imekwisha kutumika Uganda, ikaja kwa njia ya Ariwara, mpakani, kiti chake kimechanika na kushonwa kwa kamba. Mtawa aliipenda ya kijani hapo hapo. Constant alizunguka kila moja mara mbili. Alichuchumaa akatazama tumbo. Alipitisha kidole kwenye visu kama mtu anayehesabu meno. Alishika usukani akaukunja pande zote mbili, akisikiliza.

"Muzee," Baudouin akacheka, "hii si ng'ombe. Haina mukia ya kuinua!"

Constant aliweka kiganja juu ya injini ya ile ya kijani. Ilikuwa ya moto.

"Uliiwasha mbele hatujafika."

"Niliipasha kidogo tu, muzee. Kwa heshima ya Masœur."

"Kwa heshima. Baba yangu alijua batu ya kulambisha ng'ombe chumvi, kisha wanamupa maji mingi, tumbo inajaa, unasema iko munono. Nayo ilikuwa kwa heshima." Akamgeukia mtawa. "Masœur, ng'ombe haangaliwi saa hii. Anaangaliwa asubuhi, mbele hajakunywa."

"Kesho niko na wageni kutoka Kisangani," mtawa akasema. "Enda peke yako. Utaniambia uliona nini."

Basi kesho yake jua lilipochomoza Constant alikuwa mlangoni mwa duka kabla ya Baudouin kufungua. Alimfanya afunue mashine mbele ya macho yake. Ya kijani ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, mara ya nne ndipo ikaamka, ikitoa moshi mweupe. Nyuma ya duka kulikuwa na mwinuko wa udongo wa kupakilia malori. Constant aliomba zipandishwe pale. Ya kijani ilifika katikati, magurudumu yakazunguka bure, ikarudi chini kinyumenyume huku Baudouin amekumbatia usukani na kuwataja watakatifu.

Ile nyekundu iliwaka kwa kuguswa ufunguo mara moja. Constant alipanda mwenyewe. Ilipanda mwinuko bila kubadili sauti, kama ng'ombe mzee anayejua njia ya nyumbani, ikageuka juu katika nafasi ndogo, ikashuka taratibu. Alipozima alibaki amekaa. Aliipenda, na hilo ndilo lililomuuma. Mashine hii ingekula kiteremko cha Eyenga asubuhi moja.

Baudouin, ambaye alitaka kuuza ile ya bei kubwa, alimsogelea. "Muzee, sikia. Masœur anapenda ya kijani. Acha achukue ya kijani. Weye unapoteza nini?"

Baudouin hakujua hata yeye ni zawadi gani alikuwa akimpa. Ile ya kijani isingepanda kiteremko hata siku moja, na majani ya Eyenga yangebaki. Constant hakuhitaji hata kusema uongo. Ingetosha aseme kwamba ni nzuri uwanjani, na hilo lilikuwa kweli.

Alipitia nyumbani kwanza. Scholastique, mkewe, alikuwa akikamua. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa.

"Na weye utamwambia nini?"

"Sijui."

"Unajua. Ningekuwa miye, ningenyamaza, na Yesu angenielewa. Lakini miye niliolewa na mutoto wa jicho." Akapiga ubavu wa ng'ombe. "Eyenga, sikia wazimu ya baba yako."

Constant alimkuta mtawa akimwagilia maua, wageni wakiwa bado kwenye chai. Alivua kofia.

"Nyekundu," akasema.

"Ile yenye kiti ya kamba? Constant!"

"Ya kijani inaamka na shida, na mulima inaishinda. Nyekundu inapanda. Itafika mpaka kwa maji. Ile nimeona, ndiyo ninasema."

Mtawa aliweka chini kopo la maji. Alizaliwa Irumu, binti wa mfugaji, ingawa miaka mingi ya vitabu na ofisi ilikuwa imeweka vumbi juu ya jambo hilo. "Kwetu," akasema polepole, "jicho lilipewa kitu. Baba alimpaka siagi na kumpa maziwa ya kwanza. Mashine haina maziwa. Unataka nini?"

Goti lilimuuma Constant, akaegemea ukuta. Kisha akamweleza kuhusu Eyenga, kwa maneno machache, na kwamba angeomba mashine isipite kwenye kiteremko.

Masœur Anastasie alicheka hadi wageni wakachungulia dirishani. "Weye muzee! Unanifanya ninunue mashine ya kupanda mulima, halafu unanikataza mulima? Si ningenunua ya kijani!"

"Ni kweli, Masœur."

"Maharusi wanataka picha yao. Sikia. Kata yako kwanza, na mukono, yote unayoweza kubeba. Mashine itakuja nyuma yako, Ijumaa. Ukichelewa, itakula."

Hakuna aliyempaka siagi. Ila tangu wiki ile, kila Jumanne, Jumatano na Alhamisi, Constant alikata kiteremko kwa kupekupe, akifunga mizigo na kuipandisha mmoja mmoja, goti likilalamika, mara mbili ya kazi aliyokuwa nayo kabla mashine haijaja kumrahisishia. Scholastique alimkanda goti kwa maji ya moto akimwita Mheshimiwa Jicho. Eyenga alinenepa.

Na Ijumaa, mbele ya watu wa harusi, mzee alishuka amekaa wima juu ya ile nyekundu, hadi kijitoni na kurudi, visu vikizunguka kwa kelele kubwa juu ya ardhi aliyokwisha kuikata, na nyuma yake hakuna hata jani moja lililoruka.