Matofali ya Bweni la Wasichana

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu, nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto.

Chuo cha ualimu cha taifa, hicho unachokwenda kusoma, kilianza na madarasa mawili na desturi moja: wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwafyatulia matofali wale watakaowafuata. Sisi tulipewa bweni la wasichana. Mkuu wa chuo alitangaza kuwa lisiposimama kabla ya mvua, hapokelewi msichana hata mmoja. Na mdogo wangu Monika alikuwa nyumbani Kashikishi, amefaulu, anangoja.

Sasa mimi ni mtoto wa wavuvi. Kuanika nilikokujua ni kwa chisense, dagaa wetu wa ziwa Mweru: asubuhi unamwaga mchangani, jioni unakusanya. Basi nikayafunua matofali yangu mabichi, nikaondoa nyasi zote, nikaliachia jua. Tena nikawacheka waliofunika ya kwao! Kesho yake yote yalikuwa na nyufa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilianika juani, nikaenda kumwaga machozi kivulini.

Fundi wetu, mzee Kapemba, aliyevuka ziwa kutoka Kongo, aliokota moja akalivunja kwa mkono. Ndani lilikuwa tope.

“Mutoto, hii haiko samaki,” akaniambia. “Jua inakausha juu, mu ndani maji inabakia. Funika na majani, ngojea. Na mwalimu njo vile vile, hawezi kauka siku moja.”

“Baba, na mvua je?”

“Mvua ikukute mu kazi.”

Nikarudi kwenye udongo. Nilifyatua, nikafunika, nikageuza, nikangoja, na huko kungoja kuliniuma kuliko kazi yenyewe. Tone la kwanza la mvua lilituangukia tukipigilia bati la mwisho. Tulishangilia mpaka mkuu wa chuo akacheza!

Monika aliingia bweni lile na sanduku lake la bati kichwani. Leo ndiye mkuu wa chuo hicho hicho. Mwezi uliopita nilipanda basi hapa Nchelenge kwenda kumwona akiwapa vyeti walimu wapya, wasichana wengi kuliko wavulana. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Kisha nikaenda kuupapasa ule ukuta. Hauna ufa.

Kwa hiyo, mwanangu, utakapopewa darasa, labda hapo Kabuta, ukamkuta mtoto ambaye wenzake wamemwacha nyuma, usimwanike juani wakamcheka. Mfunike, mgeuze, mngojee. Aliyekauka polepole hubeba paa.

Nenda na baraka zangu. Mungu aipe mikono yako subira, na akujalie uzee wa kurudi kuupapasa ukuta wako, uukute umesimama.