Aje na Mtu Wake

Usiku ule nililala na hasira, na ilikuwa hasira ya haki. Mchana wake shemeji yangu Gervas, kaka wa mume wangu, alikuwa amekaa sebuleni kwangu akinicheka. Nina miaka arobaini na minne. Nilirudi shule mtoto wangu wa mwisho alipoingia sekondari, nikafaulu kidato cha nne nikiwa mtahiniwa binafsi, na sasa nilikuwa na nafasi mbili: chuo cha ununuzi na ugavi, ambako nikimaliza shemeji alishaniandalia kiti hospitalini anakofanya kazi, na kozi ya ukalimani wa lugha ya alama, ambako hakuna aliyeniahidi hata kigoda. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha.

"Shemeji, mtu mzima unakwenda kusomea kupunga mikono?" alisema. "Umeona kiziwi gani ameajiri mtu?"

Mume wangu alitazama sakafu. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kiziwi. Alifuga nyuki, na nyumbani tulizungumza naye kwa alama zetu wenyewe. Mimi jina langu lilikuwa kubana shavu. Tangu nikiwa na miaka saba mimi ndiye niliyempeleka zahanati, maana pale dirishani walikuwa na neno moja tu kwa ajili yake: "Aje na mtu wake." Nikaolewa mbali. Babu akaugua, akaenda peke yake. Alikunja ngumi chini ya mbavu, akaifungua ghafla. Mtoto yeyote wa kwetu angejua anasema kuna kitu kimepasuka. Wao wakampa dawa ya minyoo. Siku ya tatu tulimzika, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Basi nikalala, naye akaja.

Anatokea kwenye shamba la alizeti, ameshika kienge chake cha kufukuzia nyuki, moshi unafuka. Nikamwita, kisha nikajiona mjinga, nani anamwita kiziwi kwa mgongo? Nikapiga mguu chini kama tulivyozoea, ili mtikisiko umfikie kwenye nyayo. Anageuka. Nataka kumweleza habari za vyuo viwili, lakini mikono yangu imejaa fomu, vyeti, picha za paspoti, sina mkono wa kusemea. Ananitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi.

Mara shamba limekuwa korido ya hospitali. Kuna foleni, na wote waliopanga nawajua, na wote tulishawazika. Babu anafika dirishani. Anakunja ngumi chini ya mbavu, anaifungua. Aliyekaa ndani anagonga mihuri, hata uso hainui. Nikapandwa na mori. Nikasukuma watu niende nikamtukane mtu huyo mpaka ajute kuzaliwa, nikainama, nikachungulia.

Ni mimi. Nimevaa suti ya kijivu, nimenenepa kidogo, nimependeza.

"Aje na mtu wake," nikasema, kwa sauti yangu hii hii.

Babu akapiga meza kwa viganja viwili, mihuri ikaruka. Akiwa hai sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, alikuwa mtu wa kumeza. Nikaona aibu, kisha nikaona uchungu, nikataka kumwambia kwamba si haki, siku ile sikuwepo, nimejilaumu vya kutosha. Hakunipa nafasi. Akabana shavu lake: wewe. Akajigusa kifua, akalaza kichwa kwenye kiganja: mimi nimelala. Kisha akageuka akanionyesha foleni, na sasa nyuso zile sizijui tena, ni za watu wazima na za watoto, na kila mmoja amekunja ngumi chini ya mbavu. Akawaonyesha mmoja mmoja, akayapanua macho yake kwa vidole.

Hawa wako macho.

Nilipoamka kumekucha, na mikono yangu iko nje ya shuka, bado inamjibu. Mume wangu amekaa kitandani, ananitazama.

"Ulikuwa unasema nini?" akauliza. Miaka ishirini ya ndoa, hajawahi kuuliza mikono yangu inasema nini.

"Nilikuwa naomba radhi," nikamjibu. "Sasa mpigie kaka yako. Mwambie kile kiti ampe mwingine, mimi leo nathibitisha kwenye lugha ya alama."

Akanyoosha mkono kuchukua simu, akausimamisha njiani.

"Hiyo radhi," akasema, "mnaisemaje?"

Nikamwonyesha. Akajaribu, akakosea. Nilikuwa bado nimekasirika, nikamwambia arudie.