Alama ya Ukanda

Nakumbuka siku moja ya soko, nikiwa bado na nguvu zangu, nilivyosimama mlangoni mwa karakana yangu hapa juu ya Karatina nikamwambia mtu, "Mimi ni fundi wa viti. Masanduku ya nyanya tafuta mwingine."

Alikuwa mchuuzi kutoka Kerugoya. Alitaka masanduku ya mbao kila wiki, msimu mzima. Akakitazama kiti nilichokuwa nikipiga msasa.

"Fundi, kiti yako ni nzuri. Lakini nyanya haikai kwa kiti." Akaenda zake.

Mwanangu, wewe rafiki wa Wachira wetu, nilikipenda kile kiti kuliko chakula. Wanunuzi walikuwa wachache, nami nikajivunia uchache wao, nikidhani ndio unaoonyesha ubora wa kazi yangu. Chakula chenyewe kilitoka kwa Nyambura, mke wangu. Kila siku ya soko alibeba gunia la viazi mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso kama mama zetu wanavyobeba, akateremka nalo hadi barabarani.

Siku hiyo mama yake alikuwa ametutembelea. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana, hawarushiani maneno. Alisikia yote niliyomwambia mchuuzi. Nyambura alipoinama kujitwika gunia, mama akamshika bega.

"Wewe pumzika." Akanigeukia, macho chini. "Baba Wachira, nisaidie. Hii gunia ifike barabarani."

"Nitaleta mkokoteni, mama."

"Gani?" Nyambura akauliza. "Ile uliniambia utatengeneza kabla ya mvua?"

"Basi si ukanda uko?" mama akasema polepole.

Mwanamume kubeba kwa ukanda! Lakini ningemkatalia vipi mama mkwe? Nikainama, nikajitwika. Majirani waliacha majembe shambani.

"Fundi! Ati umeolewa lini?"

"Mwacheni, leo yeye ndiye Mama Wachira!"

Kicheko kiliniuma, lakini si kama ukanda. Nilipofika barabarani shingo ilikuwa ikitetemeka na paji la uso likiwaka moto. Nyambura aliyekuwa akinifuata akanifuta jasho kwa kitambaa chake. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na hapo ndipo nilipouona mfereji uliochimbwa na ukanda kwenye paji lake. Kidole kingelala humo. Mimi niliyejua kila mkwaruzo wa mbao zangu, huo sikuwa nimeuona.

Kesho yake nilikwenda Kerugoya kumtafuta yule mchuuzi. Nilitengeneza masanduku miaka mingi, na sikudanganyi, sikuyapenda hata siku moja. Viti nilivitengeneza Jumamosi. Wakati mwingine bado nawaza ningekuwa fundi wa namna gani kama ningebaki navyo. Lakini Nyambura hakubeba gunia tena, na kiti cha kwanza cha Jumamosi kilikuwa chake. Alikikalia mpaka mwaka huu, tulipomzika.

Siku ya kumuaga niligusa paji lake. Mfereji ulikuwa bado upo. Masanduku yangu yalikuja, lakini hayakuufuta.

Sasa wewe umeniambia unataka kuacha kazi ya duka pale Nyeri ufuate kupiga picha. Sikukatazi. Najua jinsi mikono inavyowasha kwa kazi inayoipenda, na sitaki uzeeke ukiwaza kama mimi. Ila kabla hujaacha, angalia ni nani atakayebeba gunia wakati picha zako hazijapata wanunuzi. Muulize mwenyewe, ukimtazama usoni. Akikubali, usizoee kumwona akibeba. Na akichoka, chukua masanduku bila kuona haya. Kazi uipendayo inaweza kungoja Jumamosi, lakini shingo ya mtu haingoji.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu aipe mikono yako kazi inayokufurahisha, akupe macho ya kuwaona walio karibu nawe mapema kuliko nilivyoona mimi. Na anayekupenda azeeke akiwa na paji laini.

Na mkokoteni wowote uliomwahidi mtu, utengeneze leo.